Kesi yangu ya ulevi barabarani haionekani kwenye tovuti ya kaunti, je imefutika?

Swali: "Shikamoo mama. Mwaka 2012 nilikamatwa usiku maeneo ya Cleveland, Ohio, nilikuwa nimekunywa nikashika usukani. Nililala mahabusu usiku mmoja, nikaenda kortini mara mbili, nikalipa faini, nikahudhuria lile darasa la siku tatu hotelini, leseni wakaizuia miezi sita, mambo yakaisha. Sasa nipo Minnesota na nataka kujaza N-400 ya uraia, naambiwa niwe na karatasi za korti. Nimeingia tovuti ya kaunti ya Cuyahoga nikaandika jina langu, hakuna kitu. Jamaa yangu ananiambia kama haionekani basi imeshafutika, nijaze tu kwamba sijawahi kukamatwa. Karatasi zote nilizipoteza nilipohama. Nifanyeje?"

Marahaba baba, na pole kwa kuhangaika. Naanza na hilo la mwisho maana ndilo linalonitisha: usijaze kwamba hujawahi. Nakuomba kabisa. Fomu haikuulizi kama kesi inaonekana mtandaoni, inakuuliza kama umewahi kukamatwa, kutuhumiwa au kushtakiwa, na wewe umewahi. Utapigwa alama za vidole, zitapelekwa FBI, na kama polisi walichukua alama zako usiku ule wa 2012 basi ofisa atakuwa na kitu mezani kabla hujakaa kwenye kiti. Kosa moja la pombe la zaidi ya miaka kumi nyuma, likiwa peke yake, halikufungii mlango wa uraia. Uongo chini ya kiapo ndio unaofunga, sheria ya uhamiaji inautaja waziwazi kama kitu kinachomwondolea mtu sifa ya tabia njema. Kwa hiyo jamaa yako anataka utoe kitu kinachosameheka uweke kisichosameheka, mwambie asante lakini hapana.

Na haijafutika. Ohio ni katika majimbo makali kwa hili, hukumu ya OVI, ndivyo wanavyoliita kosa hilo pale, hairuhusiwi kufungiwa faili isionekane na watu hata ukiomba, hata ukikaa miaka ishirini bila tiketi. Pia kanuni za mahakama za jimbo lile zinataka faili za OVI zitunzwe kwa miongo kadhaa, siyo kama tiketi ya spidi ambayo baada ya miaka michache wanaweza kuitupa. Kesi yako ipo. Kilichotokea ni kwamba umeenda kugonga nyumba ya jirani.

Ngoja nikueleze vizuri hapa maana ndipo watu wengi wanapopotea, na mimi mwenyewe nilipoanza kazi hii ya kutafsiri kortini na kuwasaidia watu wetu kukusanya faili zao nilipotea hapohapo. Sisi tukisikia "kaunti" tunafikiri ni ofisi moja yenye kabati moja, ukifungua unakuta kesi zote za eneo lile. Siyo hivyo. Ile tovuti uliyoingia, kwa maelezo yako, ni ya karani wa mahakama ya kaunti, anayetunza kesi za Court of Common Pleas. Hiyo inashika makosa mazito ya jinai, talaka, na madai ya pesa nyingi. OVI ya mara ya kwanza, bila mtu kuumia, kwa sheria ya Ohio ni kosa dogo la jinai, na makosa madogo yanakwenda mahakama ya manispaa. Na Cuyahoga, baba, haina mahakama moja ya manispaa, ina 13. Cleveland yenyewe, Cleveland Heights, East Cleveland, Shaker Heights, South Euclid, Euclid, Lyndhurst, Bedford, Garfield Heights, Parma, Berea, Rocky River na Lakewood. Kila moja ina karani wake, simu yake, tovuti yake, na hakuna inayoonyesha kesi za mwenzake. Unaweza kuandika jina lako sahihi kabisa kwenye 12 ukakuta patupu, na faili lako limekaa kimya kwenye ile ya 13.

Halafu kuna korti za meya. Hizi utazikuta Ohio na Louisiana tu, miji midogo ina korti yake ambayo meya mwenyewe au mtu aliyemteua anasikiliza kesi za barabarani, na OVI ya kwanza inaweza kusikilizwa pale. Kumbukumbu zake zipo kwa karani wa mji huohuo, pengine ni kaofisi kamoja kando ya ukumbi wa mji, na mara nyingi mtandaoni hutakuta hata jina.

Sasa swali la kujiuliza siyo "nilikuwa naishi wapi" wala "nililala mahabusu gani". Miji midogo mingi haina mahabusu yake, inapeleka watu mji mwingine, kwa hiyo jengo ulilolala linaweza kukudanganya. Swali ni gari lilisimamishwa wapi. Ukisema "maeneo ya Cleveland" mimi bado sijapata kitu. Barabara ya I-90 peke yake inapita Euclid, inakatiza Cleveland, inatokea magharibi Rocky River na Westlake, na ukisimamishwa Westlake kesi inaenda mahakama ya Rocky River, jina la Westlake hulioni kwenye orodha ya mahakama kabisa. Umbali wa dakika kumi za kuendesha unabadilisha korti. Nilishawahi kumwandikia kijana mmoja barua kwenda mahakama ya Cleveland kwa sababu aliniambia "Cleveland", tukasubiri wiki nne, jibu likaja hawana rekodi ya jina hilo, kijana akaanza kufurahi kwamba ameokoka, kumbe alisimamishwa mtaa mmoja tu nje ya mpaka wa jiji. Tangu siku hiyo simwandikii mtu barua kabla hatujakaa na ramani.

Fanya hivi, kaa mahali pametulia ufungue ramani kwenye simu. Ulikuwa unatoka wapi usiku ule, kazini, kwa rafiki, baa? Ulikuwa unaelekea wapi? Ulitokea njia ipi? Kulikuwa na kituo cha mafuta, daraja, taa? Askari walikuwa wa mji au wa doria ya jimbo? Wale wa doria ya jimbo wanakamata popote barabarani lakini kesi wanaipeleka kwenye mahakama yenye mamlaka ya pale walipokusimamisha, kwa hiyo jibu ni lilelile, mahali. Baada ya hapo nenda kwenye kumbukumbu iliyo nzuri kuliko zote, jengo la korti. Umesema ulienda mara mbili. Ulipaki wapi? Ulipanda ngazi au lifti? Kulikuwa na mlango wa ukaguzi wa kupitisha mifuko na foleni ndefu asubuhi, au ilikuwa jioni kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki pamoja na watu kumi tu? Kama ilikuwa jioni kwenye ukumbi wa mji, mimi ningeanza na korti ya meya. Watu husahau tarehe lakini jengo hawalisahau, nimeliona hilo mara nyingi sana, unamfungulia mtu picha za majengo kwenye ramani moja baada ya jingine mara anashtuka, "hili hapa, hapo nje ndipo nilipomsubiri mke wangu".

Karatasi umesema ulipoteza, lakini karatasi zina ndugu. Tafuta kwenye imeili zako za 2012 na 2013. Lile darasa la siku tatu lilikupa cheti na walimtumia karani taarifa, walioendesha lile darasa wanaweza kuwa bado wapo. Kama ulikuwa na wakili, hata yule wa kupewa na serikali, mpigie, ofisi yake inaweza kuwa na namba ya kesi hata kama faili lenyewe hawana. Faini ulilipaje? Kama ni kwa kadi, ulizia benki kama bado wanatunza taarifa za miaka hiyo, zitakuwa na jina la mahakama. Barua za BMV, ile ofisi ya leseni na magari ya Ohio, za kuzuia na kurudisha leseni nazo ni dhahabu, na ile fomu uliyopewa na askari usiku uleule, BMV 2255, ina jina la kituo cha polisi kilichokukamata. Usitegemee sana taarifa fupi ya dereva ya BMV wanayomuuzia kila mtu, ile inarudi nyuma miaka mitatu tu, 2012 imeshapita.

Ukishindwa kote huko kuna njia ya FBI, unaomba taarifa yako mwenyewe ya kumbukumbu za kukamatwa, ni dola 18 na unatuma alama za vidole. Hii haitakupa hukumu, mara nyingi sehemu ya hukumu wanaiacha wazi, lakini kama alama zako zilitumwa usiku ule itakuonyesha tarehe na polisi wa mji gani waliokukamata. Ukishajua polisi wa mji gani, unajua mahakama. Mimi nawashauri watu wetu wafanye hii hata kama faili wameshapata, kwa sababu ndicho kitu kile ambacho ofisa wa uhamiaji atakiona, ni vizuri wewe ukione kabla yake.

Haya, sasa tuseme umeshapata mahakama na tovuti yake unayo. Jina. Hapa majina yetu yanateseka kweli, na nasema kwa uchungu maana nimeona watu wamekatiwa tamaa kwa herufi moja. Tuchukue mtu anaitwa Hamisi Juma Mwinyi. Askari saa nane za usiku anaandika kwa kalamu juu ya boneti, karani anachapa asubuhi. Kwenye mfumo anaweza kuwa Mwinyi Hamisi, au Juma Hamisi, au Hamisi M. Juma, au Mwinji, au Hamis bila "i" ya mwisho, au jina la kwanza na la kati yameunganishwa kuwa neno moja. Kama jina lako lina Ng' na ile alama juu, kuna mifumo inaikataa, mingine inaweka nafasi mahali pake, mingine inaila kabisa. Wale waliokuja na karatasi zenye jina moja tu utakuta wameandikwa FNU mahali pa jina la kwanza, maana yake jina la kwanza halijulikani, na kuna mtu anaishi na FNU kwenye kesi zake zote bila kujua. Na tarehe ya kuzaliwa pia, ndugu zetu wengi waliopitia makambi waliandikiwa Januari 1, kwa hiyo kama siku hizi unatumia tarehe yako ya kweli baada ya kuirekebisha, kesi ya 2012 imelala kwenye ile ya zamani.

Kwa hiyo usiandike jina zima. Andika herufi tatu au nne za mwanzo wa ukoo, acha nyingine, weka mwaka 2012, angalia orodha. Kisha geuza, weka jina la kwanza mahali pa ukoo. Kisha jina la babu. Kama tovuti inakubali kutafuta kwa tarehe ya kuzaliwa au namba ya leseni, tumia hiyo. Andika jina kama lilivyokuwa kwenye leseni uliyokuwa nayo siku ile, siyo kama unavyojiandika leo.

Kuna kitu kidogo cha ndani ya kazi kitakachokusaidia sana. Kwenye mahakama za manispaa za Ohio, namba ya kesi inabeba mwaka na herufi tatu. TRC ni kesi za kuendesha umelewa, TRD ni kesi nyingine za barabarani, CRB ni makosa madogo ya jinai, CRA ni mazito. Ukipata orodha yenye majina yanayofanana na lako, pitisha jicho kwenye hizo herufi, ukiona 12 TRC au 2012 TRC na jina linalokaribia lako, fungua hiyo kwanza.

Ukishaifungua soma namba za sheria, usisome maneno tu. OVI kwa sheria ya jimbo ni 4511.19. Lakini miji mingi inashtaki kwa sheria ndogo za mji wenyewe, utakuta 333.01, na Cleveland wao ni 433.01, ni kosa lilelile kwa namba nyingine. Na angalia kama shtaka lilibadilishwa, maana mara nyingi wakili anaongea na mwendesha mashtaka inashushwa kuwa 4511.194, yaani ulikuwa umekaa kwenye usukani na funguo umelewa bila kuendesha, au 4511.20, kuendesha ovyo. Watu wengi hawajui walihukumiwa kwa nini hasa. Mtu anakuambia "nina DUI", ndilo jina la majimbo mengine kwa kosa hilohilo, ukifungua unakuta kuendesha ovyo, mwingine anasema "walinisamehe", ukifungua unakuta hukumu kamili ya OVI yenye siku tatu za jela zilizogeuzwa kuwa darasa. Ndiyo maana mimi sijazi fomu ya mtu kwa kumbukumbu zake, najaza kwa karatasi.

Na neno lingine kuhusu hukumu, kama uliposimama mbele ya hakimu ulisema "no contest", usifikiri ulikana kosa. Wengi Ohio wanasema hivyo kwa ushauri wa wakili na wanarudi nyumbani wakisema "mimi sikukubali". Kwa uhamiaji, ukisema no contest na hakimu akakupa adhabu, hiyo ni hukumu.

Sasa kama tovuti ya mahakama yenyewe sahihi nayo haionyeshi kitu, bado usikate tamaa. Siyo kila mahakama ya Ohio inaweka kesi zake zote mtandaoni. Haki yako ya kuona faili ipo kwenye dirisha la karani, siyo kwenye tovuti. Kuna mahakama zilibadilisha mfumo wa kompyuta na kesi za zamani hazikuhamishwa zote, kuna nyingine zinaonyesha miaka fulani tu. Piga simu, omba kitengo cha trafiki, piga mapema asubuhi kabla foleni ya mahakamani haijawazidi. Sema jina, tarehe ya kuzaliwa, mwaka, na useme ni kesi ya OVI. Usiseme DUI, atakuelewa lakini na yeye anatafuta kwa maneno ya mfumo wake. Mwombe ajaribu jina likiwa limegeuzwa. Makarani wengi ninaowajua wana roho nzuri ukiwaendea kwa utaratibu, na jina la karani uliyeongea naye liandike pamoja na saa.

Ukishapata namba ya kesi, sasa ndiyo kazi yenyewe. Usichapishe ukurasa wa tovuti ukaenda nao kwenye usaili. Nilimsindikiza mtu aliyefanya hivyo, alikuwa na kurasa sita nzuri tu, ofisa akazipindua moja moja akauliza muhuri uko wapi, usaili ukaishia pale, wakampa barua ya kuleta karatasi yenye muhuri na yeye akapoteza miezi. Unachotaka ni "certified copy" ya hati ya hukumu, ambayo Ohio wanaiita "journal entry". Yaseme maneno hayo kwa Kiingereza hivyohivyo. Omba pamoja nayo kopi ya tiketi au hati ya mashtaka, na kitu chochote kinachoonyesha kwamba ulimaliza kila ulichoamriwa: faini imelipwa, darasa limehudhuriwa, uangalizi wa mahakama, wanaouita "community control", umefungwa. Hili la mwisho ni zito kuliko watu wanavyodhani. Mtu akiwa bado yupo chini ya uangalizi, ombi la uraia halipitishwi, na nimeona watu ambao walimaliza kila kitu lakini kulikuwa na gharama ya mahakama ya dola chache haikulipwa, kesi ikabaki wazi miaka yote, pengine na hati ya kukamatwa juu yake. Kwa hiyo muulize karani waziwazi kama kuna deni au hati yoyote iliyo hai. Ukiambiwa ipo, usipande ndege kwenda Ohio kujieleza peke yako, tafuta wakili wa kule kwanza.

Wewe uko Minnesota kwa hiyo utafanya kwa posta. Barua fupi, namba ya kesi juu, jina, tarehe ya kuzaliwa, kopi ya kitambulisho, bahasha ya kurudishia yenye anwani yako na stempu, na malipo. Ada ya kopi yenye muhuri kwa kawaida ni dola chache tu, lakini uliza kwenye simu ni kiasi gani na wanapokea malipo ya aina gani, maana wapo wasiopokea cheki ya mtu binafsi na bahasha itarudi kama ilivyoenda. Agiza nakala tatu, moja ya kutuma, moja ya kwenda nayo kwenye usaili, moja ibaki nyumbani, na safari hii ziweke mahali ambapo hata ukihama hazipotei.

Ikitokea kweli faili haipo, labda moto, maji, au korti ya meya iliyofungwa, bado unahitaji karatasi. Mwombe karani barua yenye muhuri inayosema ametafuta jina hili na tarehe hii ya kuzaliwa kwa miaka hii na hakupata rekodi. Omba na polisi wa mji ule kitu cha namna hiyohiyo au ripoti yao ya kukamatwa kama wanayo. Korti ya meya ikifungwa, ulizia mahakama ya manispaa inayohudumia mji ule, wanaweza kuwa wamerithi makabati yake.

Wengine wanaosoma hili hawapo Ohio, kwa hiyo niseme kwa haraka. Wazo ni lilelile lakini milango inatofautiana, na hata jina la kosa, DWI, DUI au OWI, yote ni ulevi barabarani. Texas ina kaunti 254 na katika kaunti nyingi makarani ni wawili tofauti, DWI ya kwanza na ya pili iko kwa County Clerk na ya tatu, ikiwa kosa zito, iko kwa District Clerk, ukitafuta kwa mmoja huoni ya mwenzake. Georgia kwenye kaunti ndogo zisizo na State Court kesi ya DUI unaweza kuikuta mahakama ya mirathi, na hapo hakuna anayefikiria kuangalia. New Jersey ni mahakama za miji, na kosa lenyewe wanalihesabu la barabarani, siyo la jinai. Wisconsin OWI ya kwanza nayo siyo jinai, ikisikilizwa circuit court, mahakama ya kaunti, inaonekana kwenye tovuti ya jimbo zima kama kesi nyingine, lakini ikisikilizwa mahakama ya mji huioni pale. Pennsylvania, Minnesota, Indiana, Missouri na Maryland wana tovuti moja ya jimbo, huko kazi ni nyepesi zaidi. New York tovuti ya kesi za jinai inaonyesha zile zenye tarehe ya mbele, kesi iliyokwisha ikishatoka hapo huioni, lazima umwendee karani. Na kama ulikamatwa ndani ya hifadhi ya taifa au kambi ya jeshi, hiyo ni ya serikali kuu, mfumo wao unaitwa PACER, kaunti haina habari nayo hata kidogo.

Zile tovuti za binafsi zinazokuambia "tumepata rekodi 7 za jina hili, lipa uone", ziache. Hazina muhuri, zinachanganya watu wa majina yanayofanana, na ofisa hazitambui.

Kuhusu uraia wenyewe mimi siyo wakili, lakini haya ni ya wazi. Kipindi wanachokichunguza zaidi ni miaka mitano ya nyuma, mitatu kwa waliooa au kuolewa na raia wanaoomba kwa njia hiyo, na kosa lako liko nje, ila kulitaja ni lazima. Tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Oktoba 2019, mtu mwenye hukumu mbili au zaidi za ulevi barabarani ndani ya kipindi hicho anachukuliwa kwamba hana tabia njema mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo kama kuna ya pili mahali popote, hata jimbo jingine, au kama usiku ule kulikuwa na mtoto garini au mtu aliumia, au ulikuwa huna leseni halali, usitume fomu kabla hujakaa na wakili wa uhamiaji ukiwa na hizo karatasi mkononi. Usimwendee mikono mitupu, atakutoza kwa kazi ambayo umeshaelezwa hapa jinsi ya kuifanya mwenyewe.

Wiki hii anza na ramani na imeili za zamani tu. Ukishajua ni mahakama ipi kati ya zile 13, au ukiikumbuka ile jioni ya ukumbi wa mji, niandikie nikuandalie barua ya Kiingereza ya kumtumia karani, na unitajie jina lako kama lilivyokuwa kwenye leseni ya 2012, herufi kwa herufi.